Mwantum wa Mezani

Mimi naitwa Wambura, mtu wa Mara, na kwetu hatujui kuzungukazunguka. Nikiona kitu hakijakaa sawa, nasema. Mke wangu Lea anadai mdomo wangu huu umetuponza mara nyingi, na simbishii. Nataka mlijue hilo mapema, maana haya ninayoyaeleza ni ya siku moja niliyonyamaza, na aliyeumia kwa kunyamaza kwangu hakuwa na kosa lolote.

Anaitwa Mwantum binti Yahaya. Ana miaka thelathini na tisa, anakaa Nzuguni, na anauza duka la dawa za mifugo karibu na njia ya kwenda stendi. Ukimkuta dukani na mtandio wake, anamweleza mfugaji namna ya kuchanganya dawa ya kuogeshea mbuzi, huwezi kudhani kwamba mwisho wa wiki mama huyu ni mwamuzi wa mpira wa miguu. Mimi ni dereva serikalini. Nilikuja Dodoma ofisi yetu ilipohamia huku, nikajenga Mkonze, na kwa kuwa nilikuwa nashika kibendera tangu niko Musoma, nikajiunga na waamuzi wa hapa. Ndiko tulikofahamiana. Kibendera kinanitosha mimi. Sijawahi kutamani kusimama katikati nitukanwe na uwanja mzima. Natukanwa na upande mmoja tu, nashukuru Mungu.

Mwantum yeye alitaka kati. Na alikuwa na sababu yake.

Baba yake, Mzee Yahaya, ni mkulima wa mbaazi na uwele huko kwenye vilima vya Kolo, Kondoa. Kijijini kwao kila sikukuu ya Idi ilikuwa lazima ipigwe mechi ya waliooa na makapera, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliyepuliza filimbi alikuwa Mzee Yahaya. Hakuwa na kozi wala cheti. Alikuwa na filimbi moja ya chuma na kichwa kigumu, basi. Siku moja alimtoa nje shemeji yake mwenyewe, na shemeji huyo akakaa miezi mitatu bila kukanyaga nyumbani kwake. Mwantum alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akisimama pembeni na kipande cha kanga kwenye kijiti, akionyesha mpira umetoka. Alinihadithia hayo tukiwa njiani, tena na tena, na kila aliporudia alikuwa anacheka palepale, kwenye shemeji.

Lakini alipokuwa mkubwa akaenda kozi ya uamuzi bila kuaga, mzee akaletewa picha yake akiwa na kaptura, jamani! Hawakusemeshana karibu mwaka mzima. Mwishowe ikapatikana njia ya kati: suruali nyeusi ya kubana chini ya kaptura mpaka kwenye kifundo cha mguu, kitambaa cheusi kichwani, mikono mirefu. Mzee akasema sawa. Halafu akamwambia, "Siku watakayokuweka kati kwenye mechi ya maana, nipe habari. Nitakuja kukuangalia mimi mwenyewe." Mwantum akalishika neno hilo kuliko cheti chake.

Sasa nieleze mezani ni wapi. Kila mechi kubwa ina waamuzi wanne. Mmoja wa kati mwenye filimbi, wawili wa pembeni wenye vibendera, na wa nne anakaa mezani, kati ya mabenchi ya timu mbili. Huyo anapokea majina ya wachezaji, anakagua viatu, ananyanyua kibao mtu akitolewa na mwingine akiingia, anasikiliza matusi ya makocha, na anaandika. Wa kati akiumia, yeye ndiye anaingia. Ndiyo maana wanamwita mwamuzi wa akiba.

Mwantum alikaa mezani miaka sita.

Yaani miaka sita! Kila Alhamisi mpangilio unatumwa kwenye grupu letu la simu, na kila Alhamisi nilikuwa natafuta jina lake kabla ya langu. Mezani. Mezani. Wiki mbili pembeni, halafu mezani tena. Ikitokea kati, ni mashindano ya shule za msingi, watoto hata viatu hawana. Na si kwamba alikuwa hajui kazi. Mbio za kupimwa pumzi kila mwaka alikuwa anawaacha wanaume wenye vitambi vyao, sheria alikuwa anazijua mpaka mafungu madogo. Nikamfuata katibu wetu wa waamuzi, bwana mmoja anaitwa Sila, mpole, sauti ya chini kama ya mtu wa kwaya. Nikamuuliza, "Huyu dada ana kosa gani?" Akashangaa kabisa. "Kosa? Wambura, huyu ndiye tegemeo letu. Mwandiko wake umeuona? Karatasi haipotei hata moja. Mezani hana mfano."

Ndiyo hivyo. Alikuwa amefungwa na uzuri wake mwenyewe. Nilitukana, sikatai, na mechi mbili zilizofuata sikupangwa.

Yeye hakulalamika. Alikuwa na tabia yake: Alhamisi mpangilio ukitoka, anampigia baba yake. Mzee anauliza, "Wamekuweka wapi wiki hii?" Mwantum anajibu, "Mezani, baba." Na mzee, "Haya. Kaa vizuri hapo mezani." Hakuwahi kumdanganya. Hata wiki ambazo hakupangwa kabisa alisema, "Hawajaniweka popote, baba." Mimi ningedanganya.

Mara moja tu niliona ndani ya moyo wake. Ebenezer, mmoja wa waamuzi wetu wa kati, alijikwaa akaanguka, akashika kifundo cha mguu. Nilitupa jicho mezani, nikaona Mwantum ameshasimama, koti la michezo limeshavuliwa, filimbi iko mkononi. Ebenezer akachechemea hatua mbili, akapunga mkono kwamba yuko salama. Mwantum akavaa koti lake tena, akafunga zipu mpaka shingoni, akakaa. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mungu anisamehe, kaka Wambura. Alipoanguka nilisema alhamdulillahi." Nikacheka. Yeye hakucheka, na kicheko changu kikaishia hapo.

Wakati huo macho ya mzee yalikuwa yameanza kuondoka. Presha ya macho, walimwambia hospitali, tena alikwenda kachelewa. Alikuwa anaona mbele kidogo tu, pembeni giza, na hata hapo mbele ni maumbo na rangi, sura hapana. Wakampa dawa za matone, wakamwambia yatakayobaki yatunzwe, yaliyokwenda hayarudi. Daktari alisema labda mwaka, labda chini ya hapo. Mwantum aliponieleza hilo alikuwa anafuta vumbi kwenye makopo ya dawa dukani, anafuta kopo lilelile moja. Akasema, "Sitaki kikubwa. Nataka mechi moja, aione."

Basi ikaja Alhamisi ya Agosti. Niko chini ya gari naangalia uvujaji wa oili, simu ikalia. Mpangilio wa fainali ya mkoa. Kati: Mwantum Yahaya. Pembeni namba mbili: Wambura. Mezani: Priska, binti wa miaka ishirini na nne anayesoma chuo kikuu hapa, hodari, mwepesi. Nilitoka chini ya gari nikajigonga kichwa, nikampigia. Simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikajua anaongea na nani.

Aliponipigia baadaye alikuwa analia kabisa. "Anakuja," akasema. "Abdulrahim analeta mbaazi sokoni Jumamosi, anakuja naye kwenye fuso." Abdulrahim ni binamu yake.

Jumamosi hiyo saa nne asubuhi tuliketi kikao cha kabla ya mechi. Kwetu kuna utaratibu: kikao kikianza, simu za waamuzi zinakusanywa kwenye kikapu, hamzipati mpaka mechi iishe, asije mtu akaongea na timu. Tumeshazitoa simu, ndipo Sila akaingia na ile sauti yake. Akasema amefika mtathmini kutoka Dar, amekuja kumtazama Priska ili apandishwe daraja, na haiwezekani mtu atathminiwe akiwa mezani. "Kwa hiyo tunabadilishana tu. Priska kati, dada yetu Mwantum mezani. Ni leo tu."

Nikasimama. Nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Priska mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, anasema, "Dada, mimi sikujua, wallahi sikujua," na nilimwamini. Sila akasema Wambura keti, au na wewe tukubadilishe. Mwantum akanivuta shati. "Kaa, kaka." Halafu akamuuliza Sila kitu kimoja tu, "Fomu za majina ya wachezaji ziko wapi?" Akaanza kazi yake.

Uwanjani upepo wa Agosti ulikuwa unarusha vumbi, mnaujua upepo wa Dodoma mwezi huo. Priska alikuwa amesukwa nusu kichwa, hakutegemea kusimama mbele za watu, akajifunga kitambaa cheusi kuzuia vumbi. Chini alikuwa na suruali nyeusi ya kubana kwa ajili ya goti lake. Jezi sote njano. Naeleza hayo kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Kabla ya mechi sisi wa pembeni tunakagua nyavu za magoli. Mwantum akanifuata. Akasema, "Baba atakuwa ameshafika. Atakaa upande wako, upande wa jua, anasema kwenye mwanga ndiko anakoona. Ukifika kule mwambie. Mwambie taratibu kwamba nimerudishwa mezani, asije akahangaika kunitafuta kati." Mimi nikasema, "Niachie mimi."

Nikamkuta Mzee Yahaya amekaa peke yake kwenye ngazi ya kwanza, karibu kabisa na uzio. Abdulrahim alikuwa amemshusha akawahi sokoni. Kanzu nyeupe, koti juu yake, kofia, na vumbi la barabara bado liko kwenye viatu. Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Wambura, mwenzake Mwantum."

"Aa, Wambura mwenye sauti!" Akacheka, akanyoosha mkono kwenye uzio, haukuwa umeelekea kwangu hasa, nikaufuata nikaushika. "Nimeswali alfajiri njiani. Nimemwambia Abdulrahim, ukinichelewesha sikusamehi. Sasa niambie, hapa nilipokaa nitamwona?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na ile filimbi ya chuma, ya Idi, imekuwa nyeusi kwa uzee. "Mpelekee," akasema. "Mwambie leo apulize hii. Mimi sina tena kazi nayo. Wambura, mimi macho haya ni ya kuazima, wewe unajua? Lakini leo yananitosha. Leo hata yakizima kesho, sawa tu."

Sasa mimi ningesema nini? Nyie mngesema nini? Mimi niliyemtukana Sila asubuhi mbele ya watu, mimi mwenye mdomo, nilisema, "Utamwona, mzee." Nikachukua filimbi nikaondoka mbio.

Nilijiambia nitamwambia wakati wa mapumziko.

Tulipojipanga kuingia, nikampa Mwantum filimbi. Aliitambua kabla hajaishika. Akaniuliza haraka, "Umemwambia?" Priska alikuwa tayari anaita manahodha, jukwaa linapiga kelele, hakuna nafasi ya maelezo. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hapo ndipo hasa niliposema uongo wangu. Kwa mzee nilibabaika, lakini kwa Mwantum nilidanganya waziwazi. Akaivaa shingoni, akaificha ndani ya koti, akaenda mezani.

Sijawahi kukimbia mechi ndefu kama ile. Kila nilipopita pale kwenye uzio nilimsikia mzee. "Yule ni binti yangu. Yule pale kati, mwenye kichwa cheusi. Mwantum!" Majirani zake jukwaani walikuwa wanampongeza, wangejuaje? "Hongera mzee, binti anapuliza!" Na kweli Priska alikuwa anapuliza vizuri, sina la kumtoa kasoro. Mapumziko yalipofika niliuangalia uzio, nikaona mzee amesimama, anamweleza mtu habari ya shemeji aliyetolewa nje. Nikaingia chumbani na wenzangu, nikanywa maji.

Dakika ya sabini mchezaji akaangushwa ndani ya boksi. Priska akakimbia mwenyewe mpaka kwenye tukio, akanyoosha mkono: penalti. Wachezaji wakamzonga, hakurudi nyuma hata hatua moja. Nikamsikia mzee nyuma yangu, sauti imempasuka, "Mnaona? Mnaona hakuogopa? Huyo nimemfundisha mimi!" Machozi yakanitoka. Mpira ukatoka mbele yangu sikuuona, watu wakanitukana, nikanyoosha kibendera upande usio wenyewe.

Mechi ilipokwisha Mwantum alivuka uwanja mzima kuja upande wetu. Koti limefungwa mpaka shingoni, vumbi usoni. Alikuja akiamini baba yake anajua, anakuja kupewa pole. Mzee akamshika mikono yote miwili kupitia uzio.

"Nimekuona," akasema.

Mwantum akainua uso.

"Nimekuona mwanangu, dakika zote. Na filimbi yangu nimeisikia. Hata ungeichanganya na mia, ile naijua sauti yake."

Mwantum akageuka akaniangalia. Nimewahi kuangaliwa vibaya na watu wengi katika maisha yangu, makocha, mabosi, hata askari wa barabarani. Hakuna aliyeniangalia vile. Halafu akamgeukia baba yake na akasema, "Ahsante, baba."

"Ile penalti uliionaje?"

"Alimkata mguu, baba. Mpira ulikuwa umeshapita." Aliiona kutoka mezani, aliiona vizuri kabisa.

"Hakika," mzee akasema, "hakika," na akawa anampapasa mikono kama anayehesabu vidole.

Nje ya geti, fuso ilipoondoka, nilianza kujieleza. Akanizuia kwa mkono. Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. Akasema, "Kamati wamenichukulia mechi moja, kaka Wambura, na nyingine wangenipa. Wewe umemfanya baba yangu aishiwe macho akimtazama mtoto wa mtu mwingine." Akapanda bodaboda akaenda Nzuguni. Niliporudi nyumbani Lea aliniuliza mechi ilikuwaje, nikashindwa kula.

Kwa nini Mwantum hakumwambia baadaye? Nilimuuliza, alipoanza kunisemesha tena, miezi imepita. Alisema alijaribu. Alikwenda Kolo wiki mbili baada ya fainali, amejiandaa, akakuta habari imeshafika msikitini, imeshafika sokoni, wazee wanamwamkia barabarani kwa jina la refa. Shemeji yule wa miaka yote alikuwa amekuja nyumbani kusikiliza, amekaa anasimuliwa penalti. Akakaa siku mbili akarudi bila kusema.

Nami nilijaribu. Mwezi wa kwanza nikapiga simu Kolo, nimeketi ndani ya gari la ofisi, nimefunga vioo, nimeyapanga maneno yangu. Mzee akapokea kwa furaha. Akaniambia macho yamekwisha, tangu Desemba, hata mchana na usiku havitofautiani. Nikampa pole. Akasema, "Usinipe pole, Wambura. Nikifumba au nikifumbua ni mamoja, lakini ninayo picha yangu. Mtoto wa njano, kichwa cheusi, kanyoosha mkono. Hiyo ndiyo naangalia." Nikasema, "Naam, mzee." Nikamuuliza habari za mvua.

Mwezi wa tano, Alhamisi, mpangilio ukatoka. Mashindano ya wilaya, nusu fainali, Mlali, Kongwa. Kati: Mwantum Yahaya. Pembeni: Wambura. Sikumpigia. Nilijua hatapiga Kolo kabla ya mechi, na hakupiga.

Uwanja wa Mlali siku hiyo ulikuwa kando ya mashamba, alizeti zimeshavunwa, magunia yamepangwa njiani, mbuzi wanaswagwa kutoka nyuma ya goli. Watu labda mia tatu. Mwantum akasimama katikati, akatoa shingoni ile filimbi nyeusi, akapuliza. Ina punje ndani, ile ya zamani, sauti yake inakwaruza. Kwa mara ya kwanza niliisikia na nikajua mzee aliota siku ile uwanjani, maana haifanani na filimbi yoyote ya siku hizi.

Alichezesha, jamani. Niseme tu alichezesha. Kadi mbili za njano, goli moja alilikataa sahihi, na dakika ya themanini akatoa penalti dhidi ya wenyeji, peke yake kati ya watu waliokuwa wanamfokea, akanyoosha mkono, hakurudi nyuma. Nikatazama ule mkono ulionyooshwa. Nikatazama pembeni ya uwanja, walikuwapo wakulima wameegemea baiskeli, wanabishana.

Baada ya mechi alikaa chini kwenye kona, anavua viatu, simu ameiweka juu ya begi kwa sauti ya nje, amempigia baba yake. Nilikuwa nakunja vibendera, hatua tatu kutoka kwake. Sijui kama alitaka nisikie. Nadhani alitaka.

"Mwantum. Alhamisi hukupiga. Wamekuweka wapi wiki hii?"

"Kati, baba."

Mzee akacheka kwa furaha. "Kati tena!"

Mwantum alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Akakiweka chini.

"Tena, baba."

"Basi ngoja watu wengine nao wakuone. Mimi ile ya kwanza niliiona."

"Ndiyo, baba," Mwantum akasema. "Uliiona."

Akakata simu. Akaifuta filimbi kwa pindo la jezi, akaifunga kwenye kitambaa cha baba yake. Kisha akatoa karatasi ya ripoti, akaandika jina lake mahali pa mwamuzi wa kati kwa ule mwandiko wake mzuri, akaninyooshea kalamu nisaini pangu.